Aliyenifunga mkanda ndiye aliyefariki?

SWALI

Mama Mshauri,

Ninaishi Rughenda, hapa Butembo, si mbali na uwanja wa ndege. Zamani nilikuwa mkalimani wa walinda amani wa MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, kule Beni: Kifaransa, Kiingereza, Kiswahili na Kinande chetu. Mwaka 2021 nilitumwa Goma kwa helikopta kutoka Mavivi. Sikuwa nimewahi kupanda chombo kinachoruka, na nilitetemeka kama mtoto mwenye malaria. Fundi wa ndani ya helikopta, mtu wa Afrika Kusini, aliniona. Injini zikishawaka hakuna lugha inayosikika mle. Alipiga goti mbele yangu, akanifunga mkanda, akauvuta mara mbili kuhakikisha, akanivisha vile vizibo vikubwa vya masikio, kisha akanionyesha kidole gumba. Nikasema "wasingya". Sijui kwa nini lilinitoka neno la Kinande, mimi niliyekuwa nikilipwa kwa kuchagua maneno. Hakulisikia. Sikumwona tena, na jina lake sikulijua.

Februari 2023 redio ikasema helikopta ya Afrika Kusini iliyotoka Beni imepigwa risasi ikielekea Goma, na mmoja wa wanajeshi waliokuwa wakiiendesha amekufa. Tangu siku hiyo yule mtu hanitoki kichwani. Nililia jikoni peke yangu. Nataka kuomba misa kila mwaka tarehe hiyo, lakini sijui kama aliyekufa ndiye.

Shida ya pili imo humu nyumbani. Ninaishi kwa kaka yangu mkubwa. Mwanawe aliuawa kwa risasi Julai 2022, siku ya maandamano ya kuifukuza MONUSCO, na hadi leo hakuna aliyetuambia risasi ilitoka bunduki ipi. Nilipomgusia kaka habari ya misa, aliweka sahani chini akasema: "Wafu wetu tangu 2014, nani huko kwao amewataja majina? Ukitaka kumlilia mtu wa MONUSCO, usimlilie chini ya mabati yangu." Tangu siku hiyo hajala pamoja nami. Majirani nao bado wananiita "mtu wa MONUSCO".

Nimwache huyu marehemu ambaye huenda hata simjui? Na kama si kumwacha, nimkumbukeje?

Mkalimani wa zamani, Rughenda

JIBU

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama palepale, kwenye mkanda uliovutwa mara mbili. Acha nianzie hapo. Habari ya kaka nitaifikia, na nina mengi ya kusema juu yake, lakini hutaweza kusimama mbele yake kama hujajua wewe mwenyewe unamlilia nani.

Yanayojulikana ni haya. Jumapili ya tarehe 5 Februari 2023, helikopta aina ya Oryx ya jeshi la Afrika Kusini, iliyokuwa ikifanya kazi chini ya MONUSCO, ilipigwa risasi ikiwa angani kati ya Beni na Goma. Iliweza kufika Goma ikatua. Mmoja wa waliokuwa ndani alikuwa ameuawa na mwenzake amejeruhiwa. Jina la aliyeuawa lilitangazwa na jeshi la nchi yake: Sajenti Vusimusi Mabena, mhandisi wa ndege. Wewe mtu wa lugha utalipenda jina hilo. Kwa Kizulu, vusa ni kuamsha au kuinua, na umuzi ni boma la ukoo, ndugu wa damu wa neno letu mji. Mtoto wa kiume anayepewa jina hili amepewa na kazi: auinue mji wa kwao.

Na mhandisi wa ndege ndani ya Oryx hufanya nini? Marubani wako wawili mbele, na mbele ndiko wanakotazama. Mkia wao hawauoni. Helikopta inaposhuka kwenye uwanja wa mpira wa kijiji, mhandisi hufungua mlango wa pembeni, hujifunga kamba kiunoni, huchungulia nje kwenye upepo ule na kuwaambia marubani kupitia redio ya kofia: upande wa kulia pana mti, mkia uko huru, vumbi limepanda, teremka, teremka tena. Safari nzima anasikiliza injini. Anapanga magunia na machela, anahesabu watu, anakagua mikanda. Rubani ndiye anayepigwa picha, lakini abiria aliyejaa hofu uso anaoukumbuka ni wa mtu wa mlangoni.

Kwa hiyo kukufunga mkanda ilikuwa kazi ya yule mtu wako. Kupiga goti hakumo kazini. Hapo alikuwa amekuona wewe, na ndiyo sababu hujamsahau.

Sasa sikiliza kwa makini. Vikosi vya walinda amani hubadilishana zamu. Wa mwaka 2021 hurudi kwao, wengine wakaja. Wapo wanaorudi mara ya pili na ya tatu, hivyo siwezi kukuambia kwamba siye. Lakini inawezekana sana kwamba aliyekufunga mkanda yuko hai leo, kwao Afrika Kusini, akila chakula chake, na hajui kwamba Rughenda yuko mtu anayemwombea roho ipumzike kwa amani. Na inawezekana kwamba Sajenti Mabena hukuwahi kumwona hata siku moja. Ninachokuomba ni hiki: usimvike marehemu sura ya mtu mwingine. Unafanya hivyo kwa upendo, najua. Hata hivyo unawapunja wote wawili. Aliyekufa anakumbukwa kwa goti ambalo huenda hakulipiga, na wa pili, kama yu hai, anazikwa kabla ya siku zake.

Nalisema hili kwa sababu nimelifanya. Baba yangu alipofariki, nilisimulia kwa miaka jinsi alivyonibeba mabegani kuvuka mto uliofurika nikiwa na miaka mitano. Nililisimulia kwenye kilio chake, nikaja kuwasimulia wanangu. Siku moja shangazi akanikatiza katikati ya maneno: "Wewe, aliyekuvusha ni baba mdogo. Baba yako siku hiyo alikuwa safarini." Baba mdogo alikuwa hai, akikaa mtaa wa pili kutoka kwangu, na sikuwa nimemwambia asante hata mara moja. Nilikwenda kwake jioni ileile. Mto alikuwa ameusahau kabisa. Alichokumbuka ni kiatu changu kimoja, cha rangi nyekundu, kilichochukuliwa na maji, na namna nilivyokililia njia nzima hadi nyumbani. Alifariki mwaka uliofuata. Nashukuru kwamba siku hiyo ya kilio chake, hadithi ya mto ilikuwa mahali pake.

Wewe basi una watu wawili, mpaka utakapojua vingine. Mmoja hana jina lakini ana mikono na goti: huyo unamdai asante. Wa pili ana jina na tarehe, na sura yake huna: huyo ndiye wa kuombewa misa. Usiogope kwamba wa pili atakuwa mgeni mno kwako. Umoja wa Mataifa una nishani kwa wanaokufa wakiwa katika kazi ya kulinda amani, inaitwa kwa jina la Dag Hammarskjöld, yule Katibu Mkuu aliyekufa kwa ajali ya ndege karibu na Ndola Septemba 1961 akihangaikia mambo ya hapa kwetu, ya Katanga. Ni kipande cha kioo chenye umbo la yai, kinatosha kiganjani. Humo huchorwa jina la marehemu na tarehe aliyokufa. Nazo hutolewa nyingi, kwa watu ambao wanaozitoa hawakuwahi kuwaona. Padri wa parokia yako naye hatakudai zaidi ya hayo: jina, tarehe na sadaka yako ya nia ya misa. Ukiwa na jina Vusimusi Mabena na 5 Februari, umetimiza.

Nisiondoke hapo bila kukupeleka Kindu kidogo. Novemba 1961, wanahewa 13 wa Italia, watu wa ndege mbili za mizigo zilizoleta mahitaji ya kikosi cha Malaya cha Umoja wa Mataifa, walikamatwa pale na askari walioasi, wakauawa. Walidhaniwa kuwa mamluki wa Kibelgiji wa Katanga. Miili yao ilikuja kupatikana miezi michache baadaye katika makaburi ya Tokolote, ikarudishwa kwao, na mjini Pisa, karibu na uwanja wa ndege, wamejengewa mahali pa kumbukumbu panapotembelewa hadi leo. Watu 13 walikufa kwa sababu walitazamwa wakaonekana wengine. Ndiyo maana neno hili la sura silichukulii kama jambo la kupendeza kuandika tu.

Tuje kwa kaka.

Hapo nakuomba uwe mpole kuliko ulivyo kwenye barua. Umeandika kwamba aliweka sahani chini, ukaandika maneno yake, ukamaliza. Jina la mwanawe hukuliandika. Wala umri wake, wala alikuwa akisoma au akiendesha pikipiki, wala alikuwa akikuitaje. Kuhusu mwanajeshi wa mbali umenipa vizibo vya masikio na kidole gumba. Kuhusu mtoto wa nyumbani umenipa risasi tu. Sikulaumu. Huenda kifo chake kinauma mno, huenda ulidhani hakihusiani na swali. Lakini kama mimi nimeliona hilo katika ukurasa mmoja, baba yake analiona kila siku mezani.

Tarehe 26 Julai 2022 waliuawa Butembo mlinda amani mmoja wa Morocco na polisi wawili wa India waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa, na waliuawa raia wetu pia. Agosti MONUSCO ikafunga virago Butembo. Kaka yako akabaki na kaburi na swali lisilojibiwa. Sasa dada yake anakuja na nia ya misa kwa ajili ya mtu aliyevaa nembo ileile. Ulitegemea afanye nini na sahani yake?

Na aliyoyasema yana haki ndani yake. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanachinjwa, na dunia imewahesabu kwa jumla jumla: leo kumi na watano, juzi ishirini. Ni kweli pia kwamba jambo hili linakwenda pande zote mbili. Machi 29, 2022 helikopta ya MONUSCO aina ya Puma ilianguka Rutshuru na watu wanane, Wapakistani sita, Mrusi mmoja na Mserbia mmoja. Nani hapa Butembo anaweza kutaja jina la hata mmoja wao? Kwetu walibaki "wanane". Lakini hilo usimwambie kaka. Wala usimwambie kwamba siku nne kabla ya Sajenti Mabena kuuawa, Papa Fransisko aliwapokea Kinshasa watu wetu wa mashariki, wa Butembo-Beni wakiwemo, wakaweka mapanga na visu chini ya msalaba mbele ya ulimwengu mzima. Nakujua wewe mkalimani, una hoja kila lugha. Zifunge. Kaka hajadili MONUSCO na wewe. Anasema habari za mtoto wake kwa njia pekee aliyonayo.

Fanya hivi. Usisubiri Februari. Nenda kwenye kaburi la mtoto. Agosti mosi, sikukuu ya wazazi, watu wote wanakwenda makaburini asubuhi na jembe na ndoo, na ukienda siku hiyo utakuwa mmoja kati ya wengi. Mimi ningekwenda kabla, siku ya kawaida, ukamwomba kaka akusindikize. Akikataa, nenda peke yako. Palilia. Fagia. Rudi na udongo kwenye viatu, bila kusema neno. Kama Julai 26 haina misa ya mtoto huyo, kaiandikishe wewe kwa sadaka yako, na jina lake kamili, maana kwa majina yetu ya Kinande ukisema Kambale tu au Kasereka tu kanisa zima linageuka.

Halafu, siku kaka atakapokaa nawe tena, mwambie la Februari wazi. Usiende misa kwa kificho ukirudi unadanganya kwamba ulikuwa sokoni. Kwenye nyumba yenye maiti ya risasi isiyojulikana ilikotoka, jambo la kufichwa lina uzito mara mbili. Mwambie maneno machache: "Kaka, tarehe tano nitakwenda kanisani kumwombea yule mwanajeshi. Sikuombi uje. Sikuombi uniruhusu kumpenda. Nakuomba nisikufiche." Heshima ya mabati yake mpe: usiwashe mshumaa ndani, usitundike picha. Kanisa lipo.

Watu wengine wangekushauri uunganishe nia zote mbili katika misa moja, mtoto na mwanajeshi, iwe ishara ya upatanisho. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtoto asitumiwe kulipia kibali cha mgeni, na mgeni asiletwe kama mshtakiwa mbele ya mtoto. Kila mmoja apewe tarehe yake. Iwapo siku moja kaka mwenyewe ataamua kuingia kanisani Februari, ataingia kwa miguu yake.

Na majirani? Neno moja tu, la usalama wako. Usiweke picha ya helmeti ya bluu kwenye simu yako, usihutubie mtu yeyote kwenye foleni ya maji. Unajua jinsi mji wetu unavyowaka. Kumbukumbu yako haihitaji mashahidi wa mtaani.

Limebaki deni la asante. Hili nina hakika nalo kuliko yote niliyoandika. Keti uandike barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiingereza chako cha kazini, kwa Jeshi la Anga la Afrika Kusini, kupitia ubalozi wao Kinshasa. Iandikie wenzake Sajenti Mabena, wale wa helikopta zilizokuwa Kongo. Anza na pole kwa kifo chake, kwa jina na tarehe. Usiseme ulimfahamu. Kisha sema: mwaka 2021, kutoka Mavivi kwenda Goma, mmoja wenu alinifanyia hivi na hivi, sijui ni nani kati yenu. Barua ya namna hiyo haiwezi kupotea njia. Ikiwa aliyekufa ndiye, wenzake watamtambua kwa goti na mkanda, na familia yake itapata siku moja ya maisha yake ambayo hawakuijua. Ikiwa siye, basi yupo mahali fulani fundi ambaye ataisoma mwenyewe, au atasomewa na rafiki akicheka kwa mshangao, na asante yako itakuwa imemfikia akiwa na masikio ya kuisikia. Jibu unaweza usilipate. Majeshi hayana haraka na barua za raia. Andika hata hivyo, ubaki na nakala.

Weka ndani yote uliyoniandikia mimi: kelele, malaria ya uongo, mkanda uliovutwa mara mbili, vizibo vya masikio, kidole gumba. Usiongeze kitu. Ukifika kwenye neno lililokutoka, liandike kama lilivyokutoka, wasingya, kwa Kinande. Kisha chini yake uwatafsirie. Ile siku injini zilikunyima nafasi ya kufanya kazi yako.

Mama Mshauri